Bi. Kathambi na Simu Thelathini na Moja

Bi. Kathambi Murungi, karani mkuu wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Gathirimo, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na sita, miezi kumi na siku kumi na tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Kamati ya sherehe ilikuwa imeandika "zaidi ya miaka thelathini na mitano", naye akairudisha rasimu ikiwa na duara jekundu.

Wasifu huu umeandikwa na Bw. Muchiri, fundi wa maabara ya kompyuta. Kamati ilimpendekeza mwalimu wa Kiswahili, ambaye ana sifa zote zinazohitajika. Bi. Kathambi alikataa. Alifika maabara, akasimama mlangoni na kusema, "Andika wewe. Wewe ndio umeniletea hizi mashine zote, kwa hivyo wewe ndio unajua kile nimepitia."

Alizaliwa Chogoria mwaka 1965, akasomea uhazili mjini Nyeri, na akaripoti kazini hapa karibu na soko la Giakanja siku ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 1989. Katika mahojiano, mwalimu mkuu wa wakati huo alimpa ukurasa ulioandikwa kwa mkono ili aupige chapa. Alirudisha kazi safi, makosa matatu ya mwalimu mkuu yakiwa yamesahihishwa. Mwalimu mkuu alikasirika siku nzima. Siku ya pili alimwajiri.

Ofisi aliyoikuta ilikuwa na tapureta moja, simu moja ya mezani na mashine moja ya saiklostaili ya kurudufisha nakala, iliyotema wino kila mahali isipokuwa kwenye karatasi. Mitihani yote ya shule ilipita mikononi mwake. Aliikata kwenye stensili, akaizungusha kwenye mashine, kisha akazichoma stensili nyuma ya jikoni na kusimama pale mpaka zikawa jivu. Kwa miaka thelathini na sita hakuna mtihani wa Gathirimo uliovuja kabla ya siku yake. Wanafunzi walimbandika jina la Stensili, na limepokezanwa kutoka darasa hadi darasa hata kwa wasichana ambao hawajawahi kuiona stensili yenyewe. Bi. Kathambi analijua jina hilo tangu mwaka 1991. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba analijua, mpaka alipoisoma rasimu ya ukurasa huu.

Kompyuta ya kwanza ililetwa mwaka 1998. Bi. Kathambi aliifumia kitambaa cheupe chenye maua ya samawati, akaifunika, na hakuigusa kwa miezi mitatu. Alisema anataka kuiona tabia yake kwanza. Alipoanza kuitumia, alipiga kila barua mara mbili, moja kwa kompyuta na moja kwa tapureta, kisha akazilinganisha. Alifanya hivyo mwaka mzima. Hakuna tofauti iliyopatikana, lakini hakuiomba kompyuta msamaha.

Mwaka 2014 alihudhuria mafunzo ya makarani mjini Embu. Waliotayarisha beji walitumia kompyuta, na kompyuta haikuwa na habari yoyote kuhusu jina la Kathambi, kwa hivyo ikalisahihisha. Alikaa siku mbili mafunzoni akiwa na beji iliyosomeka "Bi. Kathmandu Murungi". Mkufunzi alipomuuliza kwa heshima kama ametoka mbali, alijibu kwamba ametoka Tetu, huku kwetu Nyeri. Beji hiyo bado imebandikwa ukutani juu ya meza yake. Mwandishi aliwahi kumuuliza kwa nini hakulalamika. "Nilalamike kwa nani?" akasema. "Kila mtu alikuwa anasema ni kompyuta. Na kompyuta haikuwa imekuja mkutano."

Si kweli kwamba hapendi mashine. Anaipenda fotokopi, ambayo kwa maneno yake inafanya ile kitu umeiambia halafu inanyamaza. Anaiheshimu taa ya kufunga kichwani. Kuhusu printa ana msimamo tofauti. Printa ya ofisi ina mazoea ya kusema haina karatasi ilhali karatasi zimejaa ndani yake, na Bi. Kathambi husema kwamba kama karani angefanya hivyo angekuwa amefutwa kazi kitambo.

Maoni yake kuhusu teknolojia na maisha ya kila siku yametolewa zaidi wakati wa chai ya saa nne, bila kuombwa. Aliona kwamba tangu watu waanze kupiga picha matangani, wanalia kwa mkono mmoja. Aliona kwamba wageni wanaofuata ramani ya simu wanafika kwenye shamba la kahawa la mtu mwingine, tena wanafika bila kumjua mtu yeyote njiani, wakati zamani ukiuliza njia mara tatu ulifika ukiwa umekunywa chai mbili. Mwaka wa korona alihudhuria mikutano ya bodi kwa video akiwa amevaa sketi, koti na viatu vya ngozi, nyumbani kwake, na akasema kwamba mjumbe mmoja ambaye picha yake iliganda kwa dakika ishirini hakuwahi kusikiliza vizuri hivyo akiwa hapa shuleni.

Maoni yaliyomgusa mwandishi zaidi yalihusu ubishi. Zamani, alisema, wasichana wawili wangebishana kuhusu mto gani ni mrefu kuliko mwingine kuanzia Januari mpaka Aprili. Wangegawana mabweni, wangetafuta mashahidi, wangenuniana na kupatana. "Siku hizi mtu anauliza mtandao, wanapata jibu dakika moja," alisema. "Sasa hawana kitu ya kuongea."

Mwaka jana msichana wa Kidato cha Tatu alileta barua ya kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani, iliyoandikwa na programu ya kompyuta. Barua ilikuwa nzuri. Naibu wa mwalimu mkuu, Mwalimu Kingori, alikuwa ameshaitia sahihi. Bi. Kathambi aliisoma mara moja akaizuia mezani kwake. Hakujua lolote kuhusu programu hizo. Alichosema ni kwamba amesoma barua za wasichana kwa miaka thelathini na mitano, na hajaona hata mmoja anayeomba msamaha kwa usumbufu.

Tangu mwaka 2009 alikuwa pia mlinzi wa simu walizonyang'anywa wanafunzi. Sheria za shule hazimruhusu msichana kuwa na simu, na wasichana wamekuwa wakizileta kwa bidii ambayo ingewapeleka chuo kikuu. Kila simu iliyokamatwa ilitiwa kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa jina, tarehe na mahali ilipopatikana: ndani ya mkate, ndani ya kamusi iliyotobolewa, ndani ya mche wa sabuni uliokatwa na kugandishwa upya. Bahasha zilifungiwa kwenye kabati la chuma. Mwisho wa muhula simu ilirudishwa kwa mzazi mwenyewe, kwa sahihi.

Mwaka 2012 ilipatikana simu ya bintiye, Mbeti, aliyekuwa Kidato cha Pili hapa. Bi. Kathambi alipiga chapa barua ya kumwita mzazi wa Mbeti ofisini, akaitia sahihi kwa niaba ya shule. Siku iliyotajwa alivaa nguo za kanisani, akaingia kwa mlango wa wageni, akakaa kwenye benchi nusu saa kama wazazi wengine, kisha akazunguka meza na kujihudumia. Sahihi zote mbili zipo kwenye faili.

Basi iko siku moja ambayo wafanyakazi wote waliomba isikose kwenye wasifu huu. Ni Alhamisi, tarehe 15 Juni 2023.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na baridi, kama ilivyo kawaida ya Juni. Wapishi walikuwa wanachemsha maharagwe kwa kuni mbichi, na moshi mwingi ulitoka jikoni na kutanda juu ya paa za mabweni. Mtu wa bodaboda aliyekuwa barabarani aliuona akasema shule inaungua. Aliyemsikia akaandika. Aliyesoma akaongeza picha ya jengo linalowaka moto, ambalo halikuwa hapa wala halikufanana na lolote la hapa. Saa nne na dakika ishirini ujumbe na picha vikaingia kwenye kundi la simu la wazazi wa Gathirimo, lenye watu zaidi ya mia nne: bweni limeshika moto, wasichana wako ndani.

Saa nne na dakika ishirini na sita simu ya mezani ililia. Bi. Kathambi aliipokea, akasikia mwanamke akilia bila kusema neno. Alimwambia hakuna moto. Mwanamke aliendelea kulia na simu ikakatika, ikalia tena papo hapo, na ikawa hainyamazi.

Mwalimu mkuu wetu, Bi. Wachuka, alikuwa mkutanoni Nanyuki. Mwalimu Kingori ndiye aliyekuwa na shule mkononi. Aliandika kwenye kundi kwamba hakuna moto, wazazi watulie. Ujumbe wake ulifunikwa na jumbe mia tatu ndani ya dakika tano. Akaandika taarifa rasmi kwenye karatasi yenye nembo ya shule, Bw. Muchiri akaipiga picha na kuituma. Mzazi mmoja akajibu kwamba nembo inaweza kutengenezwa na mtu yeyote. Bw. Muchiri akapiga picha ya mabweni yakiwa yamesimama salama na kuituma. Mzazi mwingine akajibu kwamba picha hiyo ni ya zamani, na kwamba shule inaficha. Ile picha ya moto, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa ya uongo, haikutiliwa shaka na mtu.

Wakati huo magari yalikuwa yameanza safari kutoka Karatina, kutoka Othaya, kutoka Kangari. Wazazi walikuwa wanaendesha na kusoma simu kwa wakati mmoja. Soja wa langoni alipiga simu ofisini kusema kwamba tayari kuna watu thelathini nje na wengine wanapanda ukuta.

Bi. Kathambi aliweka mkono wa simu mezani, akaenda ofisi ya naibu.

"Mwalimu, hawasomi. Nipe ruhusa nifungue kabati."

"Kabati gani, Madam?"

"Ya simu."

Mwalimu Kingori ni mtu wa hisabati na sheria. "Sheria haitaki msichana ashike simu hapa shuleni. Wewe ndiye umeisimamia miaka yote hii."

"Sheria haitaki awe na simu. Hizi si zake tena, ziko kwangu. Mimi naazima tu." Kisha akasema jambo ambalo Mwalimu Kingori amelirudia mara nyingi tangu siku ile. "Mzazi akiogopa hataki barua. Mimi ni mzazi. Anataka kusikia mtoto wake akikohoa."

Mwalimu Kingori aliisukuma kando taarifa yake rasmi. Kisha akasema, "Fungua."

Kengele ilipigwa, na wasichana mia sita na kumi na wawili wakakusanyika bwaloni. Bi. Kathambi aliingia akiwa amebeba bahasha zake kwenye beseni la kufulia. Alikuwa na simu thelathini na moja. Tatizo lilijitokeza mara moja, kwamba simu zote zilikuwa na namba za siri. Hapo akasoma majina thelathini na moja kwa sauti, na kila mwenye jina akapita mbele ya shule nzima, akafungua simu yake kwa kidole, na kuikabidhi. Kumi na mbili zilikataa kuwaka, na Bw. Muchiri akakimbia nazo maabara kuzichaji. Walimu, wapishi, matroni na soja walitoa simu zao. Ilionekana kwamba simu za wanafunzi zilikuwa na kredo nyingi, yaani salio la kupigia, kuliko za walimu. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo wakati huo.

Maagizo yalikuwa mafupi. "Unasema jina yako. Unasema uko sawa. Unamwambia asikuje. Halafu unapea mwenzako."

Wasichana walipanga foleni kwa vidato. Bwalo lilijaa sauti mia moja zikisema maneno yaleyale. "Mum, ni mimi." "Baba, niko sawa, hakuna moto, ni maharagwe." Wengine walianza vizuri na kulia katikati, kwa sababu upande wa pili mtu alikuwa analia. Bi. Kathambi alizunguka kati yao, akiwagusa bega waliozidisha muda. Wasichana kumi na mmoja walipata shida ya namna nyingine. Walipopiga kwa simu zao wenyewe, mama zao waliuliza kwanza, "Na hii namba ni ya nani?"

Ilipofika saa tano na nusu nyuso zilianza kulegea. Watu langoni walikuwa wanapokea simu, wanakaa chini kwenye nyasi, wanacheka ovyo. Wale wenye magari walikuwa wanageuza njiani. Hapo ndipo Watiri, msichana wa Kidato cha Pili, alipomfuata Bi. Kathambi na kumwambia kwamba amepiga mara tisa na mama yake hashiki.

Mama yake Watiri anaitwa Sophie, na ana mkahawa mdogo Sagana, karibu na stendi. Baba yake Watiri alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, kwa ajali ya barabarani. Watiri hakuwa na mzazi mwingine. Bi. Kathambi alijua yote hayo kwa sababu ndiye aliyepiga chapa barua ya rambirambi, na barua za rambirambi alikuwa akiziandika upya kila moja, hakuwahi kutumia ile ya mtu mwingine.

Alimshika Watiri mkono, akaenda naye ofisini, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Alipiga namba ya Sophie mara tano zaidi kwa simu ya mezani. Kisha akatoa kwenye droo daftari lenye jalada gumu. Tangu miaka ya tisini, enzi ambapo mtaa mzima ulitegemea simu ya duka moja, alikuwa akimwomba kila mzazi mpya namba ya jirani. Wazazi wa siku hizi walimwona wa ajabu. Kila mtu ana simu yake, walimwambia. Waliandika ili amalize.

Jirani aliyeandikwa na Sophie aliitwa Anita, fundi wa nguo. Alishika mara ya kwanza.

"Hiyo simu yake nimeisikia ikilia ndani, na mlango umefungwa," alisema Anita. "Aliisahau kwa meza. Ametoka hapa kama nusu saa na shemeji yake, kwa ile Probox nyeupe. Huyo shemeji alikuwa anaendesha vibaya hata kabla ya leo. Madam, ni kweli wameungua?"

"Hakuna mtu ameungua. Gari iko na namba gani?"

Anita hakujua namba. Alijua kwamba kioo cha nyuma kimepasuka na kimezibwa kwa selotepu.

Bi. Kathambi alitazama saa, akatazama ramani ya zamani iliyoko ukutani, akafungua daftari lake tena. Nusu saa kutoka Sagana ni karibu na Karatina. Kabla tu ya Karatina, kando ya barabara kuu, kuna mzazi anayesimamia kituo cha mafuta, Bw. Mugo, babake msichana wa Kidato cha Nne ambaye alikuwa ameshampigia na kumtuliza. Bw. Mugo alisikiliza, akasema "sawa", akaacha simu wazi na kutembea hadi barabarani akiwa na ovaroli lake la rangi ya machungwa.

Katika dakika zilizofuata Bw. Mugo alisimamisha Probox nyeupe nne. Ya kwanza ilikuwa na miraa. Ya pili ilikuwa na mchungaji. Madereva wa mbili nyingine walimweleza maoni yao, na yote yalisikika ofisini kupitia simu. Watiri alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Bi. Kathambi alisimama nyuma yake, mkono mmoja begani mwa msichana, na mwingine umeshika mkono wa simu mbali kidogo na sikio ili wote wawili wasikie.

Probox ya tano ilipiga breki kwa kelele. Walisikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya mwanamke ikisema, "Toka kwa barabara! Mtoto wangu anaungua, toka!" Bw. Mugo alikuwa anarudia jambo moja kwa utulivu, "Ongea na yeye, mama. Ongea na yeye kwanza." Halafu pumzi ya mtu ikasikika karibu kabisa.

Bi. Kathambi alimpa Watiri mkono wa simu.

"Mum, niko kwa ofisi ya Madam Kathambi. Hakuna moto."

Sophie aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu asiyemwamini yeyote tena. "Kama ni wewe, ng'ombe yetu inaitwa nani?"

"Hatuna ng'ombe, mum. Tuliuza Disemba." Watiri alianza kulia. "Alikuwa anaitwa Karembo."

Waliosikia sauti iliyofuata hawajaweza kuieleza. Bw. Mugo alisema baadaye kwamba Sophie alikaa chini palepale, ukingoni mwa lami, akiwa ameshika simu kwa mikono yote miwili, na kwamba shemeji naye alizima gari, akatoka, akaegemea boneti. Walikaa hapo zaidi ya saa moja. Bw. Mugo aliwaletea chai.

Bi. Kathambi alitoka ofisini, akaufunga mlango nyuma yake ili Watiri aongee, na akasimama ukumbini bila kufanya lolote. Mwandishi alimkuta hapo. Kwa miaka kumi na miwili waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumwona akisimama bila kitu mkononi. Alimuuliza kama anataka maji. Alisema anataka kujua ni nani anaweza kusahau simu siku kama hiyo, na kabla mwandishi hajajibu akajijibu mwenyewe: "Mama yeyote."

Saa saba alikusanya simu zake, akazihesabu, akazirudisha kila moja kwenye bahasha yake. Zilikuwa thelathini. Ya thelathini na moja ilipatikana nyuma ya bwalo, ikiwa na msichana wa Kidato cha Nne aliyekuwa bado anamwambia mtu kwamba yuko sawa. Mtu huyo hakuwa mzazi.

Jumamosi iliyofuata, yule baba aliyetuma picha kwenye kundi alikuja shuleni kuomba msamaha. Alikiri kwamba aliipata kwa mtu mwingine na akaituma kabla ya kupiga simu kumuuliza mtu yeyote, na bintiye mwenyewe alikuwa Kidato cha Kwanza hapa. Alikuwa mtu mzima na alitia huruma. Bi. Kathambi alimpa kiti na chai. Kisha akamwambia, bila kuinua sauti, "Wewe ulitumia sekunde moja. Sisi tulitumia masaa tatu kurudisha. Na kuna mama alikuwa karibu afe kwa barabara." Yule baba hakumaliza chai. Tangu hapo ndiye anayejitolea kusimamia lango siku za kuwatembelea wanafunzi.

Bodi ilitaka kumpa Bi. Kathambi cheti. Yeye aliomba kabambe sita, zile simu ndogo za vitufe zisizo na mtandao. Alieleza kwamba msichana anayejua ataongea na mama yake Jumapili hahitaji kuificha simu ndani ya mkate. Wajumbe walishangaa, kwa kuwa walimjua kama adui wa simu, naye akasema hajawahi kuwa na shida na simu, shida yake ni watu wanaopiga na hawana cha kusema. Kabambe zilinunuliwa, na tangu Januari 2024 kila msichana ana dakika tatu kila Jumapili. Muhula huu bahasha zilizoko kabatini ni nne.

Ingefaa wasifu uishie hapo, lakini kuna jambo la mwaka huu, naye ameruhusu liandikwe.

Mwezi Machi mdogo wake, Bw. Mwiti, anayeishi Chogoria, alipata kiharusi kilichomwondolea usemi. Kwa miaka mingi dada na ndugu walikuwa wakipigiana simu mara moja kwa juma. Baada ya hapo Bi. Kathambi aliendelea kupiga. Mke wa Mwiti alikuwa akimwekea mumewe simu sikioni, na Bi. Kathambi alikuwa akiongea peke yake dakika kumi na kukata. Alifanya hivyo kwa wiki sita. Kisha akafika maabara na daftari na kalamu, akasema anataka kufundishwa ile ya kuonana.

Alijifunza kwa siku nne, akiandika kila hatua. Siku ya tano alipiga mwenyewe. Kwenye kioo alitokea Bw. Mwiti, amekaa kwenye kiti nje ya nyumba, blanketi magotini, upande mmoja wa uso umelala. Bi. Kathambi hakusema neno. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili. Mwandishi alidhani amesahau hatua fulani, akamnong'oneza kwamba anaweza kuongea, sauti imefunguliwa.

"Naangalia kwanza," akasema.

Ndugu yake naye alikuwa anamwangalia. Baadaye aliinua mkono ule unaofanya kazi, taratibu, akaunyoosha mpaka vidole vyake vikaijaza skrini yote. Bi. Kathambi aliweka kiganja chake juu ya kioo. Mwandishi alitoka nje kuangalia nyaya ambazo hazikuwa na hitilafu.

Jioni ile mwandishi alimuuliza Bi. Kathambi anaionaje teknolojia hiyo. Alisema ni nzuri, inasaidia mtu kungojea. Halafu akauliza likizo yake ya kustaafu inaanza lini hasa.

Jumatatu, tarehe 1 Desemba, Bi. Kathambi atakuwa Chogoria. Ameomba asipigiwe simu na mtu yeyote mpaka Krismasi, kwa kuwa atakuwa na mgeni. Mgeni mwenyewe ni yeye, nyumbani kwa nduguye, na mume wa Bi. Kathambi ameshaarifiwa kwa maandishi.

Madam Kathambi, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi, wazazi na wasichana wote waliopita mbele ya meza yako, tunasema asante. Tunakutakia afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya kuwa karibu na unaowapenda. Msalimie Bw. Mwiti. Kaa naye mpaka mchoke kuangaliana.